Chombo cha Safari

Msafiri na chombo chake ni kama mtu na nguo yake. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, hata ikiwa ya hariri, humbana mvaaji mahali asipotaka kubanwa na humlegea mahali asipotaka kulegea. Maneno haya ni mepesi kukubaliwa yasemwapo juu ya nguo, walakini ni mazito kukubaliwa yasemwapo juu ya pikipiki. Katika miji yetu, na Voi ni mmoja wao, imeenea fikira kwamba kijana atakaye kufanya safari ndefu ya nchi kavu, tuseme kutoka hapa hadi Cape Town au hadi Cairo, sharti kwanza aagize pikipiki kubwa kutoka ng'ambo. Na kwamba pikipiki iuzwayo hapa nyumbani ni ya kubebea magunia na abiria wa sokoni, haistahili safari ya heshima. Nia ya insha hii ni kuipinga fikira hiyo. Nasema ni fikira ghali, tena ina dharau ndani yake. Nami nitajaribu kuonyesha kwa nini chombo cha safari hununuliwa vema zaidi mahali safari ianzapo.

Msomaji, tazama kwanza mahali tulipo. Voi ni njia panda. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi hupita hapa, yapata kilomita 160 kutoka baharini. Na hapa hapa huchipuka tawi liendalo magharibi kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta mpakani, na kutoka huko Holili na Moshi katika nchi ya Tanzania. Reli ya zamani ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Tawi lake la kuelekea Taveta lilijengwa katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Na reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilizinduliwa mwaka 2016, na barabara ya kutoka Mwatate hadi Taveta, iliyokuwa mashuhuri kwa vumbi lake jekundu, sasa ina lami. Kijana wa Voi hulala na kuamka akisikia ngurumo za vyombo viendavyo mbali. Si ajabu basi kama moyo wake hutamani kwenda navyo. Tamaa hiyo ni njema, wala mimi siigombi. Naugomba ushauri mbaya anaopewa mwenye tamaa hiyo.

Nchi hii ilikwisha kufundisha somo la vyombo vya safari kabla mtu yeyote hajaendesha pikipiki juu ya ardhi yake. Taveta, penye msitu na maji ya mto Lumi, palikuwa kituo mashuhuri cha misafara ya watu wa pwani waliokwenda Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1883 alifika hapo Mskoti mmoja, Joseph Thomson, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Alikuwa na wapagazi, nguo, nyaya na shanga, na kwa hesabu ya vitabu hakupungukiwa na kitu. Alipokuwa Taveta aliarifiwa kwamba shanga zake hazingepokewa namna zilivyokuwa, kwa sababu Wamasai walizitaka zimetungwa katika nyuzi za urefu maalumu. Ikawabidi watu wake wakae wakizitunga upya, siku baada ya siku. Hata hivyo safari yake ya kwanza ya kuingia Umasaini haikufaulu. Alirudi nyuma hadi Taveta, akaenda mbio Mombasa kuongeza bidhaa, na mwisho akafuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili aliyeijua njia na desturi za watu wake.

Yatazame mambo hayo kwa makini. Shanga za Thomson hazikuwa mbovu. Zilikuwa nzuri kwa macho ya muuzaji, lakini hazikulingana na njia. Waliojua kulinganisha bidhaa na njia walikuwa watu wa Taveta na watu wa pwani, wala hapana duka la London ambalo lingaliweza kumuuzia Thomson maarifa hayo. Miaka zaidi ya 140 imepita, shanga zimegeuka injini, na somo limebaki lile lile: njia ndiyo hakimu wa chombo.

Wanaoitetea fikira ninayoipinga huleta hoja tatu. Ya kwanza ni nguvu, ya pili ni nafuu, na ya tatu ni heshima. Nitazijibu kwa mpango huo.

Husemwa kwamba pikipiki kubwa ya ng'ambo ina nguvu, na kwamba safari ndefu yahitaji nguvu. Ni kweli kwamba ina nguvu. Lakini nguvu hizo ni za kufanyia nini, na gharama yake ni nini? Pikipiki ya BMW ya jamii ya GS yenye injini ya sisi 1,250, ambayo picha yake imebandikwa katika vyumba vya vijana wengi, ina uzito wa karibu kilo 250 kabla ya kutiwa mzigo. Pikipiki ya sisi 150 ya kazi za kila siku, kama zile zisimamazo kituoni Voi, ni karibu nusu ya uzito huo. Juu ya lami tofauti hii haionekani. Huonekana pale lami inapokwisha. Chombo kikianguka katika mchanga mchana wa jua kali, mtu mmoja aliye peke yake huinua kile chepesi, akajipangusa vumbi, akaenda zake. Kile kizito huketi kando yake akingoja msaada. Chombo chepesi huvushwa mtoni kwa mtumbwi, hupandishwa juu ya lori la ndizi, na huingizwa ndani ya nyumba usiku ili kisiibiwe. Kile kizito humtaka mwenyewe amtafutie mlinzi.

Pia iko habari ya fundi. Injini nyingi za pikipiki kubwa za siku hizi huongozwa na kompyuta ndogo, na taa ya hatari ikiwaka, fundi huhitaji kifaa maalumu cha kuulizia ugonjwa ni nini. Kifaa hicho utakipata Nairobi, pengine na Mombasa, hutakipata Maktau. Tairi lake pana halipo katika duka la Mwatate, na breki zake haziko Wundanyi. Linganisha na pikipiki ya kawaida. Cheni yake, plagi yake, tyubu yake, waya wake wa klachi na taa yake vyauzwa katika duka dogo lililo kando ya barabara, na jirani ya duka hilo ameketi fundi chini ya mwarobaini, ambaye amekwisha kuifungua na kuifunga injini ya namna hiyo mara nyingi hata mikono yake haihitaji msaada wa macho. Hali ni hiyo hiyo katika Moshi, Dodoma na Mbeya, kwa maana pikipiki za jamii hiyo zimeenea Afrika ya Mashariki yote. Nguvu ya kweli ya chombo cha safari haimo ndani ya injini peke yake. Sehemu kubwa yake iko kando ya barabara, katika mikono ya watu wawezao kukitengeneza.

Sasa nije katika hoja ya nafuu. Husemwa kwamba pikipiki iliyotumika huuzwa ng'ambo kwa bei ndogo, na kwamba mtu akiiagiza atafaidi. Bei ya dukani ng'ambo ni kama kichwa cha kiboko majini: kinachoonekana ni kidogo, na kilichofichika ndicho kiwezacho kuupindua mtumbwi. Tupige hesabu, msomaji, kama tunavyopiga darasani. Chukua bei ya pikipiki kuwa 100, na nauli ya meli pamoja na bima kuwa 40. Jumla ni 140. Forodha haitozi ushuru wake juu ya bei ya duka. Hutoza juu ya jumla hiyo, nauli na bima zikiwamo. Tukichukua ushuru wa forodha kuwa robo, yaani 35, tunafika 175. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, nayo haitozwi juu ya 100 wala juu ya 140, bali juu ya 175, ushuru ukiwa ndani yake; hiyo ni 28. Sasa tuna 203. Kitu cha 100 kimegharimu zaidi ya mara mbili, na bado hatujataja ushuru wa bidhaa, ada za kuingizia mali nchini, malipo ya bandari, ujira wa wakala wa forodha na gharama za kuiandikisha. Bei na nauli nilizotumia ni za mfano tu, lakini njia ya hesabu ndiyo ile ile itumikayo. Naye asiyeijua hujifunza mbele ya dirisha la malipo bandarini Mombasa, saa ambayo maarifa hayana faida tena.

Fikiri tena habari ya wakati. Meli haina haraka ya kijana. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulio katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi ziendazo baina ya Ulaya na Asia kuizunguka Afrika kwa kusini, na nauli na siku za kungoja ziliongezeka. Mnunuzi aliye Voi hana uwezo wowote juu ya mambo hayo. Kadhalika hana uwezo juu ya muuzaji asiyemwona. Pikipiki iliyo mbele yako waweza kuiwasha ikiwa baridi, ukasikiliza sauti yake, ukatazama moshi wake, ukashika gurudumu lake na kulitikisa. Pikipiki iliyo ng'ambo huonekana kwa picha, na picha haina sauti wala moshi. Kupeleka akiba ya miaka mitatu kwa mtu usiyemjua, kwa ajili ya kitu usichokigusa, ni ujasiri uliokosea mahali. Ungalifaa zaidi barabarani.

Nakiri kwamba hoja ya tatu, ile ya heshima, ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote. Mtu aweza kushindwa kwa hesabu na bado moyo wake ukakataa. Husema, "Nikienda Cape Town kwa pikipiki kama ya bodaboda, watu watanicheka." Jibu langu ni kwamba kijana huyu amewaiga wasafiri wa ng'ambo katika jambo lisilo na maana, na ameacha kuwaiga katika jambo lenye maana. Mwaka 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha ubavuni na tela, wakavuka Sahara, na mwaka 1935 wakafika Cape Town. Panther ilikuwa imeundwa Yorkshire, katika nchi ile ile waliyoanzia safari. Mwaka 1973 Ted Simon aliondoka London kuizunguka dunia kwa pikipiki ya Triumph ya sisi 500, akasafiri miaka minne, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi alizopita. Triumph nayo iliundwa Uingereza. Watu hawa hawakuagiza chombo kutoka bara jingine ili wapate kuheshimiwa. Walichukua kilichokuwa kikiundwa kwao, walichokijua, wakaondoka. Kijana wetu atazamapo picha zao huiona pikipiki ya kigeni, naye hutaka ya kigeni. Lau angeitazama akili yao, angeona watu wanaopanda pikipiki ya nyumbani.

Tena mifano haikosi katika zama zetu na katika bara letu. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme iitwayo Roam Air, kazi ya kampuni iliyo Nairobi, iliendeshwa kutoka Nairobi hadi Stellenbosch katika Afrika ya Kusini, mwendo wa takriban kilomita 6,000, ikitiwa nguvu za jua njiani. Chombo hicho kilikusudiwa waendeshaji wa bodaboda. Mwaka huo huo mwanamke Mnigeria, Ebaide Udoh, alianza safari yake Mombasa akiwa peke yake juu ya pikipiki isiyo kubwa, akaikata Afrika kutoka mashariki hadi magharibi na kufika Lagos. Nani aliyewacheka watu hawa? Heshima ya safari hupimwa mwishoni mwa njia, wala haipimwi dukani. Aliyefika kwa chombo kidogo husimulia habari za nchi alizoziona. Aliyebaki nyumbani akingoja chombo kikubwa husimulia habari za chombo.

Hapa mpinzani wangu aweza kusimama na kuniuliza swali la haki. Je, pikipiki hizi unazoziita za nyumbani si za kigeni nazo? Hazikubuniwa India, Japani na China? Ndiyo, nyingi zilibuniwa huko, hata zile zinazounganishwa katika viwanda vya Kenya. Sikuandika insha hii ili nikichukie kitu kwa sababu kilizaliwa mbali. Mahindi nayo yalikuja kutoka ng'ambo ya bahari, na leo hapana anayeuita ugali chakula cha wageni. Kitu huwa cha nyumbani kinapopata watu wanaokijua, wanaokitengeneza, wanaokiuza kwa vipande na kwa ukamilifu wake, na sheria inayokitambua. Pikipiki ndogo zilikuja, zikakaa, zikachukua wagonjwa, wanafunzi, maziwa na mitungi ya maji, zikapanda milima ya Taita hadi Wundanyi penye kona zenye kuzungusha kichwa, na mafundi wetu wakazijua mpaka utumbo. Zimekwisha kuwa wenyeji kwa malezi. Pikipiki uliyoagiza peke yako ni mgeni asiye na ndugu, na akiugua ni wewe peke yako utakayemtafutia dawa.

Wala sisemi kwamba kununua ng'ambo ni kosa daima. Kanuni niliyoitaja, kwamba chombo hununuliwa safari inapoanzia, hukata pande zote mbili. Mwaka 2018 Mholanzi Noraly Schoemaker alinunua pikipiki ya Royal Enfield nchini India, palipo na kiwanda chake na mafundi wake, akaanza safari huko, na mwisho akaipanda hadi kwao Uholanzi. Alinunua ng'ambo kwa sababu safari yake ilianzia ng'ambo. Kijana wa Taita anayesoma Ulaya, akitaka kurudi nyumbani kwa barabara, na anunue huko. Kwa kanuni hiyo hiyo, mgeni ashukaye Mombasa akitaka kuzunguka Afrika ya Mashariki hana haja ya kuleta pikipiki yake ndani ya sanduku. Na apande gari la moshi aje Voi, apate namba ya mlipa kodi ili aweze kuandikishwa kuwa mmiliki, anunue pikipiki, na siku ya kurudi kwao aiuze. Wageni hujua pia kwamba ziko nchi, na Misri ni mfano, zinazomtaka msafiri mwenye chombo cha nje awe na hati ya dhamana ya forodha. Na dhamana hiyo hukua kwa kadiri ya thamani ya chombo. Hapo nako pikipiki ya bei ndogo humwokolea mwenyewe fedha nyingi.

Watu wa Taveta wana swali lao maalumu, nalo lastahili jibu maalumu. Kwao Moshi ni karibu sana kuliko Voi. Je, kununua pikipiki Moshi ni kununua ng'ambo? Kwa macho ni kununua kwa jirani. Kwa sheria ni kununua nchi ya nje. Mpaka hauhesabu kilomita. Mkenya akaaye Kenya, akinunua Moshi pikipiki iliyoundwa nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, sharti aitangaze forodhani na kulipa yampasayo kabla ya kuitumia kwao. Vinginevyo ana mali ambayo yaweza kushikwa wakati wowote, na msafiri mwenye chombo cha namna hiyo huiogopa kila sare aionayo barabarani. Nafuu inayomnyima mtu usingizi si nafuu.

Nikiisha kusema usinunue huko, yanipasa kusema ununue namna gani hapa, kwa maana kukanusha bila kuelekeza ni nusu ya kazi. Linganisha namba ya injini na namba ya fremu na zile zilizoandikwa katika hati ya umiliki. Zikihitilafiana hata kwa tarakimu moja, ondoka. Hakikisha umiliki umehamishwa kwa jina lako kwa njia ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi kabla hujafunga mzigo, kwa sababu maofisa wa mipakani huuliza mwenye chombo ni nani, na karatasi yenye jina la mtu mwingine huzaa maswali yasiyokwisha. Chukua leseni ya pikipiki. Nunua ile bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania ikiwamo ingawa si mwanachama wa COMESA. Fedha uliyookoa kwa kuacha kuagiza chombo kikubwa, itoe sehemu ununue kofia ngumu iliyo bora. Na hiyo, ikiwa nzuri zaidi imetoka ng'ambo, haidhuru, kwa maana kichwa hakina duka la vipuri mahali popote.

Kisha usiende Cape Town. Nenda Taveta. Wilaya zetu za zamani, ambazo leo ni kaunti moja, ni shule kamili ya msafiri, na karo yake ni petroli tu. Uwanda wa Voi uko mita zisizozidi 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria kimepita mita 2,200. Kwa hiyo katika siku moja injini yako itaonja joto la Tsavo na baridi ya ukungu wa Taita. Miiba ya migunga itakufundisha kuziba tyubu. Barabara ya Maktau itakufundisha kumpisha ndovu avukaye, tena kumpisha kwa adabu na kwa umbali. Na kumbuka kwamba pikipiki haziruhusiwi ndani ya mbuga ya Tsavo, basi usitoke katika barabara ya watu wote. Keti na fundi, si mara moja, mpaka uweze kuondoa gurudumu, kukaza cheni, kusafisha plagi na kubadili waya wa klachi kwa mikono yako. Atakayemaliza shule hiyo atajua chombo chake kama mkulima ajuavyo jembe lake, na mpaka wa kwanza atakaovuka hautamtisha.

Labda utaniuliza, msomaji, kwa nini nafanya ubishi mkubwa juu ya jambo dogo kama pikipiki. Ni kwa sababu jambo si dogo. Kijana anayeshawishiwa kuagiza chombo cha fahari hana akiba ya kutosha. Basi hukopa, au humsukuma baba auze mbuzi, au hulitazama shamba la mlimani lililorithiwa kwa babu kama noti zilizolala chini. Shamba likiisha kuuzwa halirudi, na pikipiki iliyonunuliwa kwa shamba huanza kushuka thamani siku ile ile inapowashwa. Wengine hawauzi kitu, hungoja tu. Mwaka huu hawana fedha za kuagizia, mwaka ujao hawana, na mwaka wa tatu wamekwisha kuoa na safari imegeuka hadithi ya mambo ambayo yangalikuwa. Fikira mbaya imewaibia mashamba baadhi yao, na wengine imewaibia ujana.

Tena imeuibia mji wetu. Mji ulio njia panda una haki ya kuishi kwa njia panda yake. Taveta ilijulikana katika karne ya 19 kwa sababu msafara ulipata hapo maji, chakula na ushauri wa watu waliojua. Voi yaweza kujulikana hivyo hivyo leo: mahali ambapo msafiri, mwenyeji au mgeni, hupata chombo cha kufaa, fundi mwaminifu, hati safi na maneno ya kweli juu ya barabara iliyo mbele. Vyuo vya ufundi vyaweza kuwafunza vijana kazi hiyo, na wenye maduka waweza kuifanya biashara. Lakini mji hauwezi kuuza kitu ambacho watoto wake wenyewe wanakidharau. Mgeni hawezi kumwamini fundi wa Voi ikiwa kijana wa Voi hamwamini.

Kwa hiyo, ewe kijana, siku utakaposikia tena mtu akisema kwamba safari yako haina budi kungoja meli, mwulize maswali matatu. Nani atakitengeneza chombo hicho kikivunjika katikati ya Mbuyuni na Taveta? Nani atalipa tofauti iliyo baina ya 100 na 203? Na wale uliowaona wakifika mbali, je, walianza kwa chombo walichokitamani au kwa chombo walichokuwa nacho? Akikujibu yote matatu kwa ukweli, mfuate. Akishindwa, mwage kwa heshima, uende zako kituoni, ukapige bei.